Isale kwa Spika ya Kushoto

Mtaani kwetu Moshi mjini watu wanaamini spika ni spika. Ukiwa nayo, na jirani ana maulidi, kipaimara au mahafali ya chekechea, basi hiyo spika ni yake mpaka shughuli iishe. Mimi na mwenzangu tuliendesha studio ndogo nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na sijui nilisimama mara ngapi mlangoni nikieleza kwamba hizi zetu si za kupigia kelele. Ni za kusikilizia. Zinakaa mbili mezani, moja kushoto, moja kulia, wewe unakaa katikati, na kazi yake ni kukuambia ukweli: huyu kaimba chini, huyu kakohoa, gita hili limezidi. Mtu ananisikiliza mpaka mwisho, anatikisa kichwa kwa heshima, halafu anasema, "Sawa, basi nipe moja tu."

Nilikuwa nawafukuza. Hasira zangu ni za karibu, zinawaka upesi na kuzimika upesi, na mwenzangu alizoea kusimama nyuma yangu akicheka. Yeye ni mtu wa Kibosho, Mkatoliki, mtoto wa kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba juu na kahawa chini yake. Mimi ni wa mjini, Mwislamu, damu yangu ina Mpare, Mmanyema na Mwarabu mmoja ambaye kwetu kila mtu anamtaja na hakuna aliyewahi kumwona. Aliniita Shehe, nikamwita Mangi. Mimi sijawahi kuongoza swala hata ya watoto, na yeye hajawahi kuwa chifu wa kitu chochote, lakini majina yalitukaa.

Kazi tuligawana hivi: mimi mashine, yeye masikio. Mimi nilijua nyaya, yeye alijua watu wanaimbaje. Alikulia kwenye kwaya ya parokia, amebebwa mgongoni mazoezini kabla hajajua kutembea. Kwaya za Kibosho, za Masama, za Old Moshi zilishuka mjini kwa ajili ya masikio yake, wala si kwa ajili ya nyaya zangu, na nalisema hilo bila wivu.

Aliyembeba mgongoni ni mama yake, na mama yake aliimba sauti ya pili. Sauti ya pili ni ile ambayo hakuna mtu anayetoka kanisani akiiimba njiani. Ikiwepo huisikii. Ikikosekana wimbo wote unakuwa mtori usiotiwa chumvi, unakula tu ili umalize bakuli. Mama huyo alinipenda, nami nilimpenda. Siku nikipanda kwao, kuku hakuguswa mpaka nifike nimchinje mwenyewe, ili watu wote wale chungu kimoja. Wageni wengine wanaweza kuwa wamekaa tangu asubuhi, matumbo yanaunguruma, na yeye anawaambia, "Mngojeni mwenye kisu." Nikifika navurumishiwa kuku kabla hata sijamaliza shikamoo.

Alipofariki, gari la mtu wa mziki lilikwama kwenye tope asubuhi ya maziko, mbali kabisa na kwao. Barabara ile ikinyeshewa haina huruma na mtu. Mwenzangu alinipigia simu. 

"Shehe," akasema, "naomba zile."

Miaka yote nimefukuza watu mlangoni, na siku hiyo nilizibeba kwa mikono yangu. Nilizifunga kwa blanketi langu la kulalia, nikakodi gari, na pale gari liliposhindwa tukazipandisha begani. Sikujuta wakati ule na sijuti leo. Mtu anazika mama yake, wewe unamwambia nini, kwamba hizi ni za kusikilizia?

Alitaka kitu kimoja tu. Mama yake alikuwa amerekodi wimbo na kwaya yake kwetu studio, na alitaka mama apelekwe kaburini na wimbo ule, yeye mwenyewe akiimba humo ndani. Tulizipanga juu ya meza, nikasimama nazishikia mwavuli. Watu walikuwa wengi mno, wamejaa uani mpaka kwenye kahawa kule chini. Wimbo ulipoanza, wa nyuma wakapiga kelele kwamba hawasikii. "Ongeza!" Mwenzangu akaniangalia. Nilimwambia kwa macho asiguse. Akawaangalia watu wa kwao, wamelowa, wamekuja kwa ajili ya mama yake, akageuza kitufe mpaka mwisho.

Ya kushoto ilianza kukwaruza. Halafu nikasikia harufu ya kuungua, ile harufu ambayo kila fundi anaijua, halafu ikanyamaza. Ya kulia ikaendelea. Waombolezaji hawakuona tofauti, mziki si bado unapiga? Lakini wimbo ule tuliuchanganya sisi wenyewe, na sauti ya pili tuliiweka kushoto. Mama yake alikuwa kushoto. Katikati ya wimbo akatoweka, wenzake wakaendelea bila yeye, na katika umati ule wote tulioelewa kilichotokea ni watu wawili. Nilimwona mwenzangu akifunga mdomo wake kwa kiganja.

Matanga yalipokwisha alikuja studio na baba yake mdogo. Mzee alivaa koti la suti na buti za mvua, na mkononi alishika tawi dogo la isale, majani yake yamefungwa fundo. Isale ni mmea wa mipakani, unaota kwenye kila kihamba cha mlimani, na mtu akikuletea amekuja kuomba msamaha. Hukatai. Anayekataa isale mlimani wanamwona si mtu mzima. Hilo hata sisi wa msikitini tunalijua, tumezaliwa hapahapa.

"Shikamoo baba. Mbona mmejisumbua?" nikasema. "Mimi sina kinyongo na mtu."

"Marahaba. Asiye na kinyongo anapokea haraka," mzee akajibu.

Na kweli sikuwa na kinyongo. Nilikuwa na spika iliyokufa, basi. Nilikuwa nimeshapanga tuketi mimi na Mangi, tuulizane kama watu wa kazi: hii tunaitengeneza au tunatafuta nyingine? Badala yake nikapokea tawi kwa mikono miwili. Mwenzangu alikuwa anaangalia sakafu, mabega yameshuka, na nilipolipokea alivuta pumzi ndefu sana. Nikafurahi kwa ajili yake.

"Limekwisha," mzee akasema. "Halitatajwa tena, si na wewe, si na yeye. Yaliyopita si ndwele."

Methali hiyo ina nusu ya pili, tugange yajayo, na mimi nilikaa naisubiri, kwa sababu yajayo yalikuwa kwaya ya Old Moshi iliyokuwa inakuja kurekodi, na meza yenye spika moja. Mzee hakuifikia. Alikunywa soda, akasifia kiyoyozi chetu ambacho hakijawahi kufanya kazi, akaondoka. Nikalitia tawi kwenye chupa ya maji na kuliweka nyuma ya spika ya kushoto, kwa kuwa sikujua mahali pengine pa kuliweka.

Hapo ndipo tulipofungika. Nilikuwa nimesamehe, kwa hiyo sikuweza kusema neno. Nikisema tu "hivi ile spika," ni kama nimefukua. Yeye alikuwa amesamehewa, kwa hiyo naye hakuweza. Akisema tununue mpya, anakiri tena kosa lililokwisha kuzikwa. Akisema tutengeneze, ataonekana anakwepa. Basi tukakaa kila siku mbele ya mzoga ule, watu wazima wawili wenye akili zao, tunaongea habari za mpira. Ikibidi kabisa kuutaja tulisema "upande ule." Nilitamani mara nyingi nimwambie, Mangi, mimi si Mchagga, nivunjie tu sheria yenu nusu saa tuongee vipuri. Sikuthubutu. Niliiona ile pumzi aliyoivuta, na sikutaka kumnyang'anya.

Ijumaa moja, baada ya swala, nikaifunga spika kwenye khanga na kuipeleka kwa fundi wa redio pale Mbuyuni, kwa siri, kama mtu anayepeleka mgonjwa kwa mganga na hataki watu wajue. Fundi akaifungua akicheka na wateja. Koili nyeusi ti, na karatasi, ile inayotikisika ikatoa sauti, imechanika mpaka ukingoni.

"Nitaisuka, bosi," akasema. "Karatasi nitakutilia ya mtumba. Itapiga mpaka Himo waisikie."

"Sitaki Himo waisikie. Itafanana?"

"Na nini?"

"Na mwenzake."

Akanitazama kwa huruma. "Aah, hiyo sasa sikudanganyi. Karatasi yake yenyewe haiji tena. Hii nitakupa sauti, lakini kila moja itakuwa na ya kwake."

Nikabeba mzigo wangu nikarudi. Nilikuwa nimepata jibu na jibu halikunisaidia. Ukitengeneza, unakuwa na spika mbili mezani zinazokuambia mambo mawili tofauti, na hujui uamini ipi. Ukinunua, hununui moja, unanunua jozi, na ile ya kulia ambayo haina kosa lolote inakwenda kukaa stoo. Hilo la pili liliniuma zaidi. Kwa vyovyote lilikuwa jambo la watu wawili kuamua, na sisi tulikuwa wawili tusioruhusiwa kufungua mdomo. Nikairudisha mahali pake kama ilivyokuwa. Kesho yake mwenzangu alipitisha kidole juu yake, akaona vumbi limefutika, akaenda kuchemsha chai.

Kwaya ya Old Moshi ilikuja, tukairekodi. Kwenye kuchanganya niliunganisha pande zote mbili zitokee kulia, kwa hiyo hakuna sauti iliyopotea. Nataka hilo lieleweke. Alikuwa anasikia kila kitu. Alikaa, akafumba macho, akaanza kuipandisha sauti ya pili. Akaipandisha kidogo. Akasikiliza. Akaipandisha tena. Mimi nilikuwa pembeni nazungusha waya, nikadhani ana mpango wake. Siku iliyofuata akaipandisha zaidi. Sauti ya kwanza ikazama, besi ikazama, wale akina mama wa sauti ya pili wakawa wamesimama mbele ya kila mtu, na yeye bado anakunja uso kama mtu anayemtafuta mtoto sokoni. Nikaelewa anamtafuta nani. Nilipaswa kumshika mkono. Lakini ningemwambia nini bila kupitia pale pale tulipokatazwa? Nikaacha kazi itoke hivyo hivyo, nikijidanganya kwamba labda kwaya hawatagundua.

Waligundua. Mwalimu wao alishuka mwenyewe na viongozi wake, watu wastaarabu, wamekaa kwenye benchi letu na kofia magotini.

"Aisee, kazi ni nzuri," akaanza, kwa hiyo nikajua ni mbaya. "Ila sauti ya pili imetufunika. Watu wanauliza kwaya nzima ilikwenda wapi. Tumekuja kwako kwa sababu ya masikio yako, ndugu yangu. Kuna nini?"

Swali hilo alimwelekezea mwenzangu. Nikamwangalia. Nikaona atalia pale mbele ya watu, au atasema ukweli, kwamba masikio yake yamekwenda na mama yake na hajui kama yatarudi. Mtu huyu alikuwa na jina moja tu la kulia chakula mlima mzima, na jina hilo lilikuwa hayo masikio. Nikawaka. Sikuwakasirikia wale watu, niliikasirikia hali yenyewe, nikasema kwa sauti kuliko ilivyohitajika:

"Si yeye! Ni spika. Ya kushoto imekufa, tunafanya kazi na moja. Mtu atasikiaje vizuri na spika moja?"

Mwalimu akapumua. "Ooh, kumbe ni vyombo," akasema, na wenzake wakatikisa vichwa, wakaanza kutupa pole. Niliona nimemwokoa. Wallahi niliona nimemwokoa. Nikageuka nimkonyeze, nikakuta ananitazama mimi, uso umekauka.

Alijua kama mimi kwamba spika haikuwa na kosa katika kazi ile. Uongo angenisamehe. Alichosikia ni kwamba mbele ya wageni nimetaja kitu kilichozikwa kwa isale, nimekifukua na kukiweka juu ya benchi wakikague. Akanyanyuka taratibu, akachukua koti lake msumarini, akawaaga wageni kwa adabu zote, mmoja mmoja. Mimi hakuniaga. Nilimsikia akizungumza na mwenye duka la mbele kuhusu bei ya misumari, kwa sauti ya kawaida kabisa, halafu akaenda.

Hakurudi. Nikipiga simu alipokea. Aliniambia mvua, aliniambia kahawa imeshikwa na ugonjwa, aliniuliza hali ya mama yangu. "Utashuka lini?" namuuliza. "Tutaangalia." Nikamwambia nisamehe kwa siku ile. "Hamna shida, Shehe." Ninaijua hiyo hamna shida ya watu wa huku. Bora angenitukana.

Kazi ya Old Moshi niliirekebisha mwenyewe kwa hedifoni. Nilipanga kila sauti mahali pake kwa kipimo, na wimbo ukatoka msafi na mkavu. Wenyewe walishukuru. Hawakurudi tena na kwaya nyingine zikapungua, maana nyaya zangu wanazo wengi.

Siku moja nikifagia nyuma ya spika niliona tawi la isale limetoa mizizi chupani. Mizizi myeupe, mingi. Majani yalikuwa bado na fundo lake.  Nikawaza, aliyerudisha maneno ni mimi, basi wa kuomba msamaha ni mimi, na nimwombe kwa njia yao. Sina kihamba, nyumba ni ya kupanga, mmea wangu pekee ni mchaichai kwenye ndoo iliyotoboka. Isale langu lilikuwa lile. Nilililinda lisivunjike njia nzima, nimelipakata kifuani, na nikajiona mtu mwenye akili sana.

Baba yake mdogo alikuwa uani anapanga ndizi. Nikamwamkia, akaitikia vizuri, halafu macho yakashuka kwenye mikono yangu.

"Hilo umelitoa wapi?"

"Ndilo lile mlilonipa, baba. Nimelitunza. Limetoa na mizizi."

Akaweka mkungu chini. "Unaturudishia."

"Hapana, baba, naomba msamaha..."

"Isale la kuomba unakata kwa jirani, mwanangu, na unampa mtu mzima akuletee. Hili ni la kwetu. Tulikuja nalo tukaliacha mikononi mwako na maneno yake. Ukiturudishia, umeturudishia na maneno."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Alinieleza kama unavyomweleza mgeni choo kiko wapi. Nilikuwa nimeingia uani mle miaka yote bila kuwa mgeni. Nikaanza kujieleza, na kadiri nilivyojieleza ndivyo nilivyozidi kulinyoosha lile tawi mbele, kama naling'ang'aniza lipokelewe.

Mwenzangu akatokea kwenye migomba, panga mkononi, amekonda. Akasikiliza bila kuuliza. Akaja, akalichukua tawi mikononi mwangu, na nilidhani atalitupa. Alikwenda nalo mpaka kaburini kwa mama yake, chini kidogo ya nyumba, akachuchumaa, akachimba shimo kwa ncha ya panga miguuni pa kaburi, akalifungua lile fundo, akalipanda. Akashindilia udongo kwa buti.

"Nunua mpya, Shehe," akasema bila kugeuka.

Tangu siku ya maziko nilikuwa namngojea aseme, tutengeneze au tununue. Nilikuwa nimekusanya hoja zangu zote, za karatasi ya mtumba, za jozi, za fundi wa Mbuyuni. Sasa amesema, na hoja zote zikanitoka. Hakusema tununue, na nilijua anachoniambia.

"Na ile ya kulia?" nikauliza. "Ile bado nzima, Mangi."

Akapangusa panga kwenye jani la mgomba, upande huu, kisha upande huu.

"Peke yake itakufaa nini?" akasema, akarudi kwenye migomba.

Baba yake mdogo akanikaribisha chakula, kwa kuwa mtu haondoki kwa watu na njaa. Nikanawa, nikakaa. Kuku alikuwa ameshaiva, na mezani kwangu wakaniwekea sahani ya ndizi za mafuta, peke yake, kwa sababu safari hii hakuna aliyemngoja mwenye kisu.